Theluji kwa mara ya kwanza: Chagua mlima unaokufaa, sio mlima wa Instagram

Ukifungua TikTok mwezi wa Julai, wakati Nairobi imejifunika wingu na kila mtu anatembea na jaketi, lazima utakutana na video ya Mwafrika mwenzako amevaa miwani mikubwa, anateleza juu ya theluji huku amapiano ikipiga. Chini ya video maswali ni yale yale. Hapa ni wapi? Ni pesa ngapi? Na mtu ambaye hajawahi kugusa theluji ataweza kweli?

Swali la mwisho Wakenya walishalijibu zamani. Philip Boit alitoka kwenye riadha, akafunzwa kuteleza Finland, na mwaka wa 1998 akashindana katika Olimpiki za msimu wa baridi kule Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, lakini mshindi wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye utepe ili amkumbatie. Miaka ishirini baadaye, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliiwakilisha nchi katika mbio za kuteremka mlima kule Pyeongchang, Korea Kusini. Kwa hivyo usiambiwe theluji ni ya watu fulani.

Kazi ngumu ni kuchagua mahali. Wasee wengi wakianza kupanga safari kama hii, wanatafuta mlima mrefu zaidi, wenye jina kubwa zaidi na njia nyingi zaidi za kuteleza. Kwa mtu anayeanza, tena mwenye siku tatu au nne tu, hayo yote karibu hayana maana. Unachonunua ni mita mia mbili za chini kabisa za mlima, pamoja na mwalimu wa kukushika mkono. Basi anza kuchagua kutoka chini kwenda juu.

Siku ya kwanza inakuwaje?

Tuanze na ukweli ambao video hazionyeshi. Saa ya kwanza hutelezi. Unapewa viatu vigumu kama ndoo, unafunzwa kutembea navyo, unavaa skii mguu mmoja, halafu wa pili, halafu unaanguka ukiwa umesimama tu. Ndiyo, mahali tambarare.

Kisha mwalimu anakufundisha breki. Karibu dunia nzima wanatumia lugha ya chakula: pitsa na chipsi. Ncha za skii zikikaribiana mbele na visigino kupanuka nyuma, hiyo ni pitsa, unapunguza mwendo. Skii zikiwa sambamba kama chipsi mbili kwenye sahani, unaenda kasi. Siku yako ya kwanza ni pitsa asubuhi mpaka jioni.

Siku ya pili ndiyo unaanza kukata kona. Ya tatu, ukiwa na mwalimu mzuri na magoti yanayosikia, unateremka mteremko mpole kutoka juu hadi chini bila kuanguka. Hiyo ndiyo safari yako nzima. Mlima una kilomita 75 za njia? Hutazifikia. Una mteremko mweusi unaotisha? Huo ni wa wenyewe. Huko Ulaya njia hupangwa kwa rangi: kijani na buluu kwa wanaoanza, nyekundu kwa waliozoea, nyeusi kwa mabingwa. Nchi zingine hazina kijani kabisa, zinaanzia buluu.

Kuna wanaouliza kuhusu ubao, ule wa kusimama kiubavu kama wa baharini. Unapendeza kwenye picha, lakini siku mbili za kwanza utazimaliza ukiwa umekalia makalio. Kama una siku tatu tu, chukua skii.

Maswali ya kutuma kabla ya kulipa

Usiangalie picha za juu ya mlima. Waandikie wenyewe, kwa WhatsApp au barua pepe, uwaulize haya:

1. Mna uwanja tofauti wa wanaoanza, au wanaoanza na mabingwa wanatumia njia moja? Kujifunza huku watu wakikupita kwa kasi kama matatu za Rongai ni kujitafutia shida.

2. Watu wanapandaje kwenye uwanja huo? Rahisi kabisa ni mkanda unaosonga, kama ule wa mizigo pale uwanja wa ndege. Unasimama tu. Ngumu kidogo ni lifti ya kuvuta, yenye kijiti na kisahani unachokiweka katikati ya mapaja. Siri yake ni moja: usikikalie. Ukikalia kama kiti, kitashuka na wewe.

3. Kuna tikiti ya uwanja wa wanaoanza peke yake? Milima mingi mikubwa huuza tikiti ya bei nafuu ya sehemu hiyo ndogo. Usilipie mlima mzima ukitumia kona moja.

4. Somo la kikundi lina wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja, na ni la saa ngapi? Mwalimu mmoja na watu kumi na wawili maana yake utakaa ukingojea zamu kuliko kuteleza.

5. Bei mliyotaja ina nini ndani? Tikiti ya lifti, skii, viatu, helmeti, suruali na jaketi, somo, kitanda. Kila kimoja kinaweza kuwa bili yake.

6. Theluji isiposhuka mnafanyaje? Kama hawana mashine za kutengeneza theluji, unacheza kamari na likizo yako.

7. Kutoka kitandani hadi kwenye mteremko ni dakika ngapi? Kubeba skii begani na viatu vya ndoo kwa nusu saa kila asubuhi, hiyo ni mazoezi ya jeshi.

Majina manne mezani

Afriski, Lesotho. Iko kwenye milima ya Maluti, kama mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, saa nne na nusu hadi tano hivi kwa gari kutoka Johannesburg. Msimu wake ni Juni hadi Agosti. Mteremko mkuu ni wa karibu kilomita moja, na kuna uwanja wa wanaoanza pembeni. Mzungu aliyezoea milima ya Alps atacheka akisikia kilomita moja. Wewe huna sababu ya kucheka. Hiyo kilomita moja utaiota usiku. Wana mashine za theluji, kwa hivyo mteremko hautegemei mawingu peke yake. Malazi yako palepale chini ya mlima. Loti ya Lesotho ina thamani sawa na randi, na randi inapokelewa, kwa hivyo hutabadilisha pesa mara mbili.

Oukaïmeden, Moroko. Iko kwenye Atlas ya Juu, kama kilomita 80 kutoka Marrakech. Kijiji kiko mita 2,600 hivi, na lifti inafika karibu mita 3,200. Msimu ni kati ya mwisho wa Desemba na Machi. Raha yake ni kwamba unaweza kulala mjini, ukala tajini usiku na kwenda mlimani asubuhi. Utaona hata punda wakipandisha watu na skii. Tatizo ni theluji yenyewe: kuna miaka inajaa na kuna miaka miamba inabaki wazi. Ukiwa na siku tatu tu, hapo ni bahati nasibu.

Bansko, Bulgaria. Ni jina linalotajwa sana na vijana wa Ulaya wasio na pesa nyingi. Mji wenyewe uko chini, na unapanda mlima wa Pirin kwa vibanda vya kamba ambavyo foleni yake ya asubuhi inajulikana. Walimu wapo wengi na chakula ni cha bei ya kawaida. Lakini tangu Januari 1, 2025, Bulgaria ni mwanachama kamili wa Schengen. Kwa hivyo Mkenya anahitaji viza ya Schengen: ada ya euro 90, bima ya angalau euro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri. Ada hairudi ukinyimwa.

Gudauri, Georgia. Iko kwenye milima ya Caucasus, kama kilomita 120 kutoka Tbilisi. Naiweka hapa kwa ajili ya ndugu zetu walio Dubai na Doha. Wengi wa huko huvuka kwenda Georgia wakitumia kibali chao cha kuishi Ghuba. Kanuni hizo hubadilika, kwa hivyo soma tovuti rasmi ya Georgia mwezi huo huo wa kusafiri. Na kama uko Dubai na huna hakika kama utapenda mambo haya, jaribu kwanza Ski Dubai, ndani ya Mall of the Emirates. Ilifunguliwa mwaka wa 2005, ina njia tano, na ndefu zaidi ni mita 400. Si mlima, lakini somo moja pale litakuambia kama magoti yako yanakubali.

Chama, viza na msee wa boda

Sisi tuko wanne kwenye chama. Mmoja yuko kwenye benki, mmoja ana saluni, mmoja ni wa boda, na mimi ninayeandika. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukiweka pesa kila mwezi kwa ajili ya safari moja ya maana. Wa benki alitaka Ulaya. Alikuwa na hoja, pia: walimu wengi, milima mikubwa, na akaleta hata picha.

Shida ilikuwa msee wa boda. Mapato yake ni ya kila siku, pesa taslimu na M-Pesa, hana barua ya mwajiri kwa sababu mwajiri ni yeye mwenyewe. Mwaka jana ubalozi mmoja ulimnyima viza na ada ikaenda. Alipoona kundi limeanza kuelekea Ulaya, aliandika sentensi moja tu: "Nyinyi nendeni, mtaniletea picha."

Group ilinyamaza siku nzima. Yeye ndiye hajawahi kuchelewesha mchango hata mara moja.

Hapo ndipo nilielewa kwamba kuchagua mlima pia ni kuchagua nani atabaki nyumbani. Orodha za mtandaoni za milima bora kwa wanaoanza huandikwa na watu ambao pasipoti yao inafungua kila mlango. Kwetu, mlango wa kwanza ni dirisha la ubalozi. Mlima ambao robo ya kundi haiwezi kuufikia si mlima wa kuanzia, hata ukiwa na mikanda kumi ya kusonga.

Ndio maana Lesotho ilipanda juu kwenye orodha yetu. Afrika Kusini iliondoa viza kwa Wakenya Januari 2023, hadi siku 90 kwa mwaka. Utahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana unatoka Kenya. Kwa Lesotho, thibitisha masharti ya mwaka huo kwenye tovuti rasmi ya serikali yao kabla ya kulipa chochote, kwa sababu unavuka mpaka wa pili. Fanya hivyo kwa kila mtu kwenye kundi, pasipoti moja moja.

Hesabu ya siku

Sikumaliza chuo, lakini kugawanya bado nakumbuka. Usilinganishe bei ya safari. Linganisha bei ya siku moja ya kuteleza.

Tuseme safari ya kwanza ni shilingi 120,000 na inakupa siku mbili kwenye theluji. Ya pili ni 150,000 na inakupa siku tatu. Ya kwanza inaonekana rahisi, lakini kila siku ya theluji imekugharimu 60,000. Ya pili ni 50,000. Tena ile siku ya tatu ndiyo siku mwili unakubali. Ukiikata, umelipia maumivu ukaacha raha.

Kwa mwenye siku tano za likizo kazini, ratiba yetu ya Lesotho iko hivi. Jumamosi unapanda ndege hadi Johannesburg, kama saa nne, unalala huko. Jumapili unaondoka alfajiri kwa gari kupitia Bethlehem na Fouriesburg, unavuka mpaka pale Caledonspoort, unapita Butha-Buthe na kupanda Moteng. Wakati wewe unapanda, watu wa Johannesburg waliokuja wikendi wanashuka. Jumatatu, Jumanne na Jumatano mteremko una nafasi. Alhamisi unarudi, Ijumaa uko nyumbani.

Angalia pia kalenda ya shule za Afrika Kusini. Likizo yao ya baridi huangukia kati ya mwisho wa Juni na Julai, na wakati huo bei hupanda na viwanja hujaa watoto. Ukiweza, nenda shule zikifunguliwa.

Kuhusu gari: huko wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, lakini lile la kukodi linahitaji barua ya kampuni kuruhusu kuvuka mpaka. Iombe siku unapohifadhi gari, sio asubuhi ya safari. Theluji ikishuka, barabara ya mlimani inaweza kuhitaji gari la magurudumu manne au minyororo ya matairi. Na jua la Juni na Julai kule huzama mapema, kabla ya saa kumi na mbili jioni. Usipange kupanda Moteng gizani.

Nguo ziko Gikomba

Hapa sasa Mkenya ana bahati kuliko watalii wengine. Zile jaketi nono ambazo watu wa boda wanavaa alfajiri, nyingi ni jaketi za kuteleza theluji zilizokuja na mitumba. Ukitaka kujua, angalia mkono wa kushoto karibu na kifundo. Kuna kijimfuko kidogo chenye zipu ambacho watu hudhani ni cha sarafu. Hicho ni cha tikiti ya lifti. Rafiki yetu wa boda ameivaa yake miaka yote hiyo Waiyaki Way bila kujua ilizaliwa kwa kazi gani.

Nenda Gikomba au Toi mapema, tafuta jaketi na suruali isiyopitisha maji, glavu nzito na fulana ya ndani ya sufu au ya michezo. Acha jinzi nyumbani. Pamba ikilowa inakaa na maji, na utaganda. Soksi ni jozi moja ndefu, sio tatu. Ukijaza soksi kwenye kiatu, damu haipiti vizuri na miguu inakuwa baridi zaidi.

Skii, viatu na helmeti kodi kule kule. Wakati wa kukodi utaulizwa uzito, urefu na kama umewahi kuteleza. Tafadhali, usidanganye kuhusu kilo. Wanatumia uzito huo kurekebisha kifungio kinachoachilia kiatu unapoanguka. Ukijipunguzia kilo kumi kwa sababu ya aibu, skii inaweza kuchomoka bila sababu. Ukijiongezea, inaweza kukataa kuachilia huku goti lako likizunguka.

Goti, jua na bima

Jeraha la kawaida la skii ni la goti. La ubao ni la kifundo cha mkono, kwa sababu watu huanguka wakijishika. Mwezi mmoja kabla ya safari, panda ngazi za ploti, fanya skwoti, na kama una marafiki wa roller, waombe wakufunze usawa. Ukihisi unaanguka, anguka ubavuni, usipigane.

Mtu wa Nairobi amezoea kama mita 1,700, kwa hivyo mita 3,000 hazitamshtua kama mtu wa Mombasa. Bado, siku ya kwanza kunywa maji mengi, na pombe iache ingoje. Jua la juu ni kali, na theluji inalirudisha usoni kutoka chini. Paka mafuta ya kuzuia jua mpaka chini ya kidevu, hata kama ngozi yako ni nyeusi tititi.

Bima ndiyo sehemu ambayo vijana huruka. Bima nyingi za safari za bei ya chini hazigharamii michezo ya theluji mpaka uongeze kipengele hicho. Soma hati yenyewe, au muulize wakala akuandikie: nikivunjika mguu kwenye mteremko, nani analipa gari la kunishusha na hospitali? Kama jibu haliko kwenye maandishi, hesabu kwamba ni chama chenu kitachanga.

Ukianza kupanga

Anza na pasipoti za kundi zima, halafu uwanja wa wanaoanza, halafu mwalimu, halafu theluji, halafu bima. Nauli ya ndege inakuja ya sita, na jina la mlima la mwisho. Ukipindua huo mpangilio, utajikuta umelipia mlima mkubwa na mtu mmoja amebaki Nairobi na risiti ya ubalozi.

Sisi tumeandikia Lesotho kuuliza nafasi ya Agosti, watu wanne, siku tatu za somo. Msee wa boda ndiye aliyetuma ujumbe. Swali lake la kwanza lilikuwa kama jaketi lake litaruhusiwa.